Nambari Moja kwa Mashine Ishirini

Luthuli, Nairobi
Jumatatu, 14 Machi 2005

Nyawira,

Nimekupigia simu mara kumi na moja tangu Ijumaa na mara kumi na moja umeiacha ilie, kwa hivyo nimenunua karatasi. Barua hii inaletwa na Selpher, yule anayeuza chai kwenye ngazi za jengo la duka langu. Kumbe anaishi Kabiria, milango mitatu tu kutoka kwa mama yako. Nimemwomba asikupe mbele ya mama.

Najua umeondoka kwa hasira na sisemi huna haki. Kwenda kazini kwenu kumuuliza askari wa langoni unatoka saa ngapi na unatoka na nani, hilo lilikuwa kosa. Lakini jiweke mahali pangu. Miezi miwili tangu Madam Nurjahan akuajiri, na miezi miwili sijaletewa mezani ila jina moja. Nayan kasema hivi, Nayan kavuta waya vile, Nayan hali nyama. Mwanamume anakula ugali nyumbani kwake huku akihesabu mara ambazo mke wake ametaja jina la mwingine. Jumanne iliyopita zilikuwa tisa.

Sasa nasikia mmetumwa pamoja Kangemi, kwenye kile chuo cha kanisa, kuunganisha zile kompyuta ishirini nilizowauzia Januari. Mashine zangu, mke wangu, na Nayan katikati. Niambie kweli, kuna kitu kati yenu? Ukisema hapana nitaamini.

Nyumba imekuwa kimya. Rudi.

Mumeo,
Gichuru


Kabiria
17 Machi 2005

Gichuru,

Selpher alinikabidhi barua mbele ya mama na shangazi, akaongeza, "Na amekonda huyo mzee wako, si umhurumie." Mama anacheka mpaka leo.

Jibu ni hapana. Hakuna kitu. Nayan ni mtu wa kazini, nami sijui hata kama ana mke. Sirudi kwa sababu ulikuwa na swali ukaenda kumuuliza askari badala ya kuniuliza mimi, na kufikia Jumatatu ofisi nzima ilikuwa inalijua. Nilipopita mapokezi msichana mmoja aliniuliza, "Leo unatoka saa ngapi, tumjulishe mtu wako?" Hukuwepo kuyasikia hayo.

Lakini naandika kwa jambo la kazi. Hizo kompyuta zako hazikai pamoja. Ukiwasha moja peke yake inaingia kwenye mtandao bila shida. Ukiwasha ya pili, zote mbili zinaanza kukatika, dakika hii inapata hii, dakika ile inapata ile. Ukizima moja, mwenzake anapona. Tulifikiri huenda kadi za mtandao zimegongana nambari, maana unajua kila kadi lazima iwe na nambari yake isiyofanana na ya nyingine. Nayan akapiga magoti chini ya meza zote ishirini akaandika daftarini nambari zilizobandikwa kwenye kadi. Zote ni tofauti. Kwa hivyo si hilo.

Draiva, ile programu inayoziendesha hizo kadi, uliiandika wewe. Kuna kitu napaswa kujua?

Nakuuliza kwa uzito. Chumba kinafunguliwa tarehe 22 Aprili, wageni wamealikwa. Muda wangu wa majaribio unaisha tarehe 30. Madam amesema wazi kwamba chumba kikifanya kazi naandikwa, kisipofanya naenda nyumbani. Unajua nimeitafuta kazi hii miaka mitatu.

Nyawira


Luthuli
21 Machi 2005

Nyawira,

Nimesoma barua yako na nimefurahi kwa ile hapana, ingawa ungeiandika kwa mstari mrefu kidogo.

Kuhusu mashine, zilitoka hapa zikiwa nzima. Nilizijaribu moja moja, zote ishirini, kwa mkono wangu. Angalieni waya. Chuo kile kilipigwa rangi juzi, na mafundi wa rangi hawajali waya wa mtu. Au muulize Nayan, si yeye ndiye anayejua kila kitu? Labda hajui sana kama mnavyofikiri huko ofisini. Mtu anaweza kuwa na gari zuri na nyumba ya kwao Loresho na bado asijue waya upi uende wapi.

Unasema hujui kama ana mke. Mtu husema hajui jambo kama hilo akiwa amejiuliza. Umejiuliza kwa nini? Na jioni anakuleta kwa gari? Selpher anasema amekuona ukishushwa pale Kawangware.

Nijibu. Pasaka nitachinja kuku, nitakuwekea firigisi.

Gichuru


(Barua hii haikupelekwa wakati huo. Ilibaki kwenye droo ya duka.)

Luthuli
24 Machi 2005

Mpenzi,

Nilijua kosa liko wapi kabla sijamaliza kusoma aya yako. Nikakaa na barua mkononi mpaka chai ya Selpher ikapoa.

Kadi zile nilizipata kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anafunga duka. Zina vibandiko vizuri vya nambari, lakini ndani ya kadi, pale ambapo nambari inapaswa kuandikwa, hamna kitu. Kiwanda kilisahau. Kompyuta ikiiuliza kadi jina lake, kadi inanyamaza. Kwa hivyo nikaweka mstari mmoja kwenye draiva: kadi ikinyamaza, tumia nambari hii. Ilikuwa ya majaribio tu, nikasema nitairekebisha. Dukani nina waya mmoja wa mtandao, nikajaribu mashine moja, nikazima, nikajaribu ya pili. Moja moja zote zilipita. Sikuwahi kuziwasha mbili pamoja.

Sasa mashine zote ishirini zinajiita nambari ile ile, na swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao, haijui impe nani barua. Vibandiko alivyonakili Nayan ni mapambo tu.

Ni mstari mmoja, Nyawira. Ningekwambia kwa simu ukaurekebisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini najua itakavyokuwa. Wewe utamwambia Nayan, Nayan atakaa kwenye kibodi, mashine zitaamka zote, nawe utampigia makofi. Mimi nitakuwa yule fundi wa Luthuli aliyeuza uchafu. Kila nikiona picha hiyo mkono unakataa kuandika.

Namwonea wivu hadi daftari lake. Nitakwambia kesho.

G.


Kabiria
31 Machi 2005

Gichuru,

Asante kwa firigisi. Selpher aliileta imefungwa kwa gazeti, mama akaila.

Ndiyo, Nayan hunishusha Kawangware, kwa kuwa ni njia moja na ni saa kumi na mbili jioni na nimebeba vifaa. Na hapana, hakuna kitu. Hii ni mara ya pili.

Tulikuamini kuhusu waya. Wiki nzima tumeng'oa waya wote wa chumba kile na kuvuta mpya. Mwalimu Mwololo, mkuu wa chuo, alisimama mlangoni akitazama vumbi linavyomwagikia rangi yake mpya. Tukawasha. Kukawa vile vile. Nayan akaketi sakafuni akasema, "Sasa hii imekuwa personal." Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, nafikiri ni uchovu. Mchana tulikula viazi karai sokoni. Ana miaka thelathini na minne, mke hana, mama yake anaumwa magoti na yeye ndiye humpeleka hospitali. Nakwambia yote haya ili usimtume Selpher.

Madam Nurjahan ametupa mpaka tarehe 18. Alisema, "Nyawira, mimi nakupenda lakini client hanunui mapenzi."

Nakuomba uketi na ile draiva yako uisome tena. Hata kama unadhani haina kosa. Isome.

Nyawira


Luthuli
4 Aprili 2005

Nyawira,

Naomba nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu. Juzi Jumamosi nilikuja Kangemi. Sikuja chuoni. Nilisimama ng'ambo, kwenye vibanda vya mitumba, nikajifanya nachagua koti. Nimelinunua, halinitoshi.

Niliwaona mkitoka. Yeye amebeba ngazi, wewe umebeba bunda la waya begani, nanyi mnacheka. Mlisimama kwa mama wa mahindi, akanunua moja, akalivunja katikati akakupa nusu. Ukapokea bila kuangalia, jinsi mtu anavyopokea kitu kwa mtu aliyemzoea. Mimi nimekuoa miaka mitatu na bado ukipokea kitu kwangu unatazama kwanza ni nini.

Usiniambie ni mahindi tu. Najua ni mahindi. Nimeshinda siku mbili nikiyafikiria hayo mahindi.

Draiva nimeisoma. Haina neno.

Kuna kitu, Nyawira? Sema tu.

Gichuru


Loresho
11 Aprili 2005

Bwana Gichuru,

Salamu. Hatujuani, na Kiswahili changu cha kuandika si kizuri, utanivumilia. Mimi ni Nayan, nafanya kazi na mke wako.

Nimefungua ile draiva yako kwa jinsi ya kuitumia tu, code yenyewe sina. Lakini naona ni kazi safi. Kuna watu wa ng'ambo wanalipwa vizuri na hawawezi kuandika hivyo. Kwa hivyo nakuomba kama fundi kwa fundi, unipe faili la mwanzo nisome, au uje siku moja uone mwenyewe. Nitakuja kukuchukua na gari.

Nimemwambia Madam kwamba kosa la kuchelewa ni langu, si la Nyawira, na mtu akitolewa nitolewe mimi. Mimi nitapata kazi nyingine, familia ina duka. Yeye amepigana sana kufika hapa. Madam hajajibu.

Nasikia hunipendi. Sijui nimekukosea nini, lakini kama ni ile ya kumshusha Kawangware, naweza kuacha.

Wako,
Nayan


Luthuli
12 Aprili 2005

Bwana Nayan,

Barua nimeipata. Mke wangu ana mume wa kumtetea. Angalia swichi.

Gichuru


Kangemi
Jumatatu, 18 Aprili 2005

Gichuru,

Nayan alinionyesha jibu lako. Hakuwa analalamika, alitaka nimsaidie kuelewa. Akauliza, "Anamaanisha swichi gani?"

Mimi nikaelewa. Gichuru, siku ya harusi yetu ulimshika mjomba wangu karibu na sufuria la pilau ukamweleza kadi za mtandao nusu saa, na mjomba ni mkulima wa kahawa. Mtu akikugusia ile draiva hulali. Sasa mtu anakuandikia anaisifu, anataka kuisoma, anajitolea kukufuata na gari, nawe unamjibu maneno mawili, angalia swichi. Nilijua hapo hapo kwamba unaficha.

Jumamosi nikaja peke yangu. Sikugusa waya wala swichi wala daftari. Niliketi kwenye mashine ya kwanza nikaiuliza yenyewe inajiitaje. Nikaenda ya pili nikaiuliza. Ya tatu sikuhitaji, lakini nilienda mpaka ya ishirini kwa sababu miguu ilikataa kusimama. Nambari moja. Nikachukua daftari la Nayan nikaingiza nambari za vibandiko kwa mkono, mashine baada ya mashine. Dakika arobaini, Gichuru. Zote ishirini zikawaka na hakuna iliyokatika.

Leo Madam amekuja kuona. Nimemwambia draiva ilikuwa na kosa na kwamba wewe hukujua. Nimekusemea uongo, ili jina la duka lisiharibike. Naandika hapa hapa chuoni kwa sababu sitaki kubeba hasira hii mpaka kwa mama.

Nina swali moja. Nambari uliyoweka, ile inayoishia na 4C, naijua. Ni ya mashine yangu ya zamani, ya ile saiba ya Westlands, lile duka la intaneti nilikofanya kazi tulipokutana. Niliiandika kwenye fomu ya orodha ya vifaa kila mwezi mwaka mzima. Ungeweza kuandika yoyote duniani. Kwa nini hiyo?

Nyawira


Luthuli
19 Aprili 2005

Nyawira wangu,

Sitajitetea. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Kuna barua niliyokuandikia tarehe 24 Machi nikaogopa kuituma, ikabaki kwenye droo ya kalamu; sasa naiambatisha. Mwenyewe nikiisoma naona haya.

Pia naleta disketi. Nimeandika draiva upya. Kadi ikinyamaza, mashine inajichagulia nambari kwa bahati, inaiandika mahali na kuitumia siku zote. Hazitagongana tena, na mimi mwenyewe sitaijua hata moja.

Umeuliza kwa nini nambari yako. Nilipofika kwenye ule mstari nilihitaji nambari nzima, na ndiyo pekee niliyoijua kwa moyo. Pale saiba, mimi ndiye niliyekuwa fundi, wewe hukuwa umenitazama hata mara moja. Asubuhi nilikuwa nafungua orodha ya mashine zilizowashwa. Nikiiona nambari yako najua umefika, nakwenda kunywa chai kwa raha. Ukichelewa nilikuwa nafungua orodha ile kila dakika. Kuna siku mashine yako ilibaki imewashwa mpaka saa moja jioni, na ya Mbugua wa hesabu pia, na wengine wote walikuwa wameondoka. Sikula usiku ule. Mwaka mzima nilijua umefika lini, umeondoka lini, na nani alikuwa amebaki. Ndivyo nilivyokupenda. Nilidhani siku moja nitakueleza na utafurahi.

Njoo Jumamosi. Nitamwomba Nayan msamaha mbele yako ukitaka. Sema tu kwamba hakuna kitu, kama ulivyosema kwanza, nami sitakuuliza tena.

Gichuru


Kabiria
25 Aprili 2005

Gichuru,

Disketi ilifika, asante. Hatukuihitaji, lakini nimeisoma na ni kazi nzuri. Chumba kilifunguliwa Ijumaa. Wanafunzi ishirini walikaa, askofu akabofya, Mwalimu Mwololo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu rangi yake iharibike. Leo nimepewa barua ya kuajiriwa.

Ile habari ya nambari niliisoma nikiwa nimesimama kwenye mlango wa mama. Nusu ya kwanza nilisikia kitu kizuri kifuani, nakiri. Halafu nikafika kwa Mbugua. Tulikuwa tunapanga risiti za mwaka, mimi na Mbugua, na mkewe alikuwa amekaa pembeni akitusubiri na sufuria la chakula. Orodha yako haikumwonyesha kwa sababu hakuwa na kompyuta. Ungeniuliza kesho yake ningekuambia, tungecheka. Kumbe miaka mitatu nimeishi na mtu anayeniangalia kwenye orodha.

Jumamosi sikuja, umeona. Nitakuambia sababu, na ni ya kweli, usitafute nyingine nyuma yake.

Ile kazi ilikuwa ya siku mbili. Tungeimaliza ile wiki ya kwanza, mimi na Nayan tungerudi ofisini kila mtu kwenye meza yake, na mpaka leo nisingejua kama ana mke. Wewe uliifanya ikawa wiki tano. Wiki tano chumba kimoja, vumbi moja, mtu anapiga magoti nami nashika tochi. Sasa najua anaweka tangawizi nyingi kwenye chai. Najua akikasirika hunyamaza, halafu huanza kufagia. Najua alijitolea kufukuzwa kwa ajili yangu kabla sijamwomba, wakati mume wangu amelifungia jibu kwenye droo moja na kalamu zake.

Ijumaa wageni walipoondoka, Nayan alikunja nyaya zake, akabeba ngazi, akasema, "Haya basi, imeisha. Tuonane ofisini." Nikasema haya. Akaenda. Nikabaki na chumba cha mashine ishirini zinazofanya kazi, na nikajisikia vibaya.

Hakuna kilichotokea. Hajanigusa mkono. Lakini kila uliponiuliza kama kuna kitu, nilikujibu hapana bila hata kufikiri, jinsi mtu anavyojibu akiulizwa kama mvua inanyesha huku jua limewaka. Umeniomba niiandike tena ile hapana. Tangu jana nimekaa na kalamu hapa jikoni kwa mama, na bado nafikiri.

Nyawira